Utulivu wa Babu Pimbi

Palikuwa na pimbi walioishi kwenye jiwe kubwa, na desturi yao ilikuwa moja: hakimbii mtu mpaka Babu akimbie. Babu alikuwa na macho makali, na kila siku alikaa mlangoni mwa ufa walimolala watoto.

Asubuhi moja, wakiota jua, pimbi mmoja, Mwanaheri, alisikia harufu ya nyoka. Akageukia ufa, maana wanawe wawili walikuwa ndani.

"Shoga," alimnong'oneza jirani yake, "husikii harufu?"

Jirani alimtazama Babu kwanza. Babu alikuwa ameketi vilevile, macho wazi, hata sharubu hazitikisiki.

"Babu katulia. Wewe nani uhangaike?"

Mwanaheri akawatazama wengine. Wote walikuwa wametulia, ingawa kila mmoja alimtazama Babu kwa kuibia. Akaona haya, akajiambia pua yake ina walakini, akajilaza tena juani. Harufu ikazidi. Mwisho akashindwa kuvumilia, akamwendea Babu.

"Shikamoo, Babu. Samahani, huenda ni wasiwasi wangu tu..."

Babu hakuitikia. Mwanaheri alipomgusa bega, Babu alianguka ubavu, mwili umeshapoa, na shingoni ana alama mbili za meno ya swila.

Hapo pimbi wote wakatimua mbio, kila mmoja akipiga kelele kwamba harufu aliisikia tangu alfajiri. Mwanaheri peke yake hakukimbia. Aliinama mlangoni mwa ufa, akawaita wanawe kwa majina, akasubiri waitike.