Bangili ya Kijani

Presha yangu ikipanda, bangili hii ya mkononi inageuka nyekundu, na jina langu linarudi mwisho wa foleni ya upasuaji. Ndiyo sheria siku hizi. Mshipa wa mguu umeziba, unyayo ni wa baridi kama maiti, halafu mtu unakatazwa kukasirika! Nimesharudishwa mara mbili: kwanza kwa ajili ya mpira, kisha kwa ajili ya mchuzi usio na chumvi.

Nesi Agripina huja kila asubuhi kunisafisha kidonda. Akimaliza huwaambia wa nyumbani, "Mzee asiudhiwe." Basi humu ndani hakuna anayenibishia tena. Jua linawaka, nasema mvua inanyesha, wanaitikia, "Kweli, baba." Hata mke wangu Kokushubira, aliyenibishia tangu siku ya posa, ananichekea tu. Natamani anitukane.

Kesho ni zamu yangu ya kupasuliwa. Leo mke wangu ameniletea uji, macho yamemvimba.

"Unalia nini?"

"Vitunguu, Baba Kemi."

Kwenye uji?

"Na Byabato mbona haji kunitazama? Mdogo wangu anakaa nyumba ya pili tu hapo!"

"Mzima. Anakusalimia sana."

Huko kwa Byabato nasikia viti vinashushwa kwenye gari, vingi, na watu wanaongea kwa sauti ya chini. Nesi ameacha kufunga bandeji. Wote wawili wanaitazama bangili.

Nikavuta pumzi taratibu, kama nilivyofundishwa.

"Msalimieni na yeye," nikasema, nikanywa uji.

Bangili ikabaki kijani.