Bunduki ya Mzee Bura

Mwalimu Modest alizungusha kidole kidogo kwenye mdomo wa mtutu, akakinusa.

Erica aligeuza uso. Aliona kama anamtazama mtu anayepekua mifuko ya maiti. Bunduki ile ilikuwa ya baba yake, Mzee Bura, waliyemzika hapo Bashay mwezi wa nne. Karatasi zote za polisi za kuiuza zilikuwa tayari mezani. Ila hakuna aliyemwambia kwamba mnunuzi atainusa.

"Nimeshaangalia tatu kabla ya hii, dada," Modest alisema. Alikuwa mwenyeji wa Bukoba, anafundisha Balangdalalu. "Ya dukani Arusha ni mpya, lakini bei yake ni ng'ombe wawili wazima. Ya Babati kitako kimepasuka. Ya Katesh komeo la kufungia risasi linacheza." Akalivuta komeo la chuma nyuma, akalisukuma mbele, akalilaza. "Hili limekaza vizuri. Mimi napenda kulenga shabaha, basi. Na msimu wa kuwinda ukifunguliwa, nikiwa na kibali, kanga wawili watatu. Risasi zake ni ndogo na hazina gharama. Mshahara wa mwalimu unaziweza."

"Hiyo imelisha watu," Erica alisema. "Haikuwa ya kuchezea makopo."

Mlangoni ndara ziliburuzwa, na Erica akajua ni nani hata kabla hajamwona. Kuku alikuwa ameiva jikoni. Jirani yao Fausta angekosaje?

"Shikamoo, bibi," Modest alisimama.

"Marahaba, baba." Kikongwe alikuwa ameshakaa. "Mmepika?"

Shikamoo ya Erica ilitoka kama kokwa inayotemwa. Alimwekea ugali na paja la kuku ili aondoke haraka, lakini Fausta hakuwa mtu wa kuondoka. Alikula mdomo wazi. Mafuta yalimshuka kidevuni, akayafuta kwa kiganja, akakilamba kiganja. Kisha akaanza kuufyonza mfupa, na ule mlio ukampanda Erica mgongoni kama siafu.

Mlio huo aliujua tangu utotoni. Mwaka wa njaa, mahindi yalipokauka yakiwa magotini, baba yake alikuwa ameachishwa udereva kwenye mashamba ya ngano. Bosi wake, mzungu aliyekuwa anarudi kwao, alimwachia bunduki hiyo kama zawadi. Basi mara moja kila mwezi, Jumamosi mchana, Bura aliitia begani akashika njia ya pori la Yaeda Chini. Jumapili kabla ya misa alikuwa amerudi na nyama ya swala kwenye kiroba, imechunwa, imekatwakatwa. Ngozi na kichwa, alisema, ni mzigo wa bure. Mama aliipika bila kusema neno.

Na kila nyama ilipoanza kuchemka, Fausta alitokea. Hakuna aliyemwita. Mwanamke asiye na hata mtoto mmoja wa kulisha, ambaye mifugo yake mwenyewe ilimshinda kulinda ikamalizwa na fisi, alikaa katikati ya watoto wenye njaa akala kama wao. Baba hakumfukuza hata siku moja. Alimpakulia wa kwanza, akampa maini, kisha akatoka nje mpaka amalize. Erica alihesabu kila kipande kilichoingia kwenye kinywa kile. Miaka thelathini imepita, na bado alikuwa anahesabu.

"Swala kumi na wawili," alimwambia Modest kwa sauti, ili na yule kikongwe asikie. "Mwaka mmoja tu. Baba yangu risasi moja, swala mmoja."

Modest aliinamia bunduki. Alikuwa amelichomoa komeo, na sasa alikuwa anachungulia ndani ya mtutu kuelekea dirishani. Akachukua kijiti, akakizungushia kitambaa cheupe, akakipitisha taratibu. Kitambaa kilitoka na uji mzito wa njano.

"Dada, samahani," alisema. "Alikuwa na bunduki nyingine?"

"Ni hiyo hiyo moja."

"Hii ni grisi ya kiwandani. Imeganda humu tangu siku ilipotengenezwa." Akamwonyesha uso wa komeo, unang'aa, hauna hata mkwaruzo. "Bunduki hii haijawahi kupigwa. Hata mara moja."

"Unataka kushusha bei."

"Hapana, nitaongeza. Ni mpya kuliko ile ya Arusha." Alikuwa anatabasamu, na tabasamu lile ndilo lililomchefua Erica kuliko kidole, kuliko kitambaa.

"Unamwita marehemu mwongo ndani ya nyumba yake!" Aliinuka. Akamgeukia Fausta, maana hakubaki mtu mwingine duniani aliyekula nyama ile akiwa mtu mzima. "Wewe! Umekula hapa maisha yako yote, leo lipa. Mwambie huyu mwalimu. Mwambie baba yangu alikuwa anawinda."

Fausta aliuweka mfupa chini. Alifuta vidole kwenye khanga yake, kimoja kimoja, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akamtazama Erica usoni.

"Baba yako hakuhitaji risasi, mwanangu," alisema. "Mbuzi wangu walikuwa wamemzoea, akiwakamata hawakulia. Na mimi sikulia, kwa sababu nilikuwa nawaona mnavyokula."