Kidole cha Mama Mkwe

Fundi wa kuchomelea alikuwa amelala chali, macho yameungua kwa mwanga wa kazi na kufungwa bendeji, wakati simu ilipolia kifuani pake.

Ilikuwa kengele aliyoitega: soko la sarafu za mtandaoni lilikuwa limeanza kugawa sarafu mpya bure kwa wenye pointi za kutosha, na anayewahi ndiye anayepata. Pointi zake alizikusanya kidogokidogo, akinunua sarafu na kuiuza papo hapo ili soko limhesabie pointi, hasara isizidi bei ya kiberiti.

Mama mkwe wake, ambaye siku zote aliuita mchezo huo upuuzi, alikuja mbio kutoka kufua alipomsikia akiita, akaichukua simu.

"Nielekeze, mwanangu. Nibonyeze wapi?"

"Palipoandikwa 'Dai', mama. Fanya haraka, zinaisha!"

Alibonyeza, simu ikagoma. Kidole kilikuwa na povu. Akasahau haya zote za ukwe, akakifuta kwenye shati la fundi, akabonyeza tena.

Akaisogeza simu karibu na macho.

"Mama? Imesemaje?"

"Imesema umepata." Akaketi kitandani, akihema. "Haya, nifundishe huko kununua na kuuza. Pointi za kesho atakutafutia nani?"