Mfuko wa Bwana Shekuwe

Bwana Shekuwe aliingia kibandani bila hodi, akaweka kiganja juu ya cherehani.

"Fundi, nataka changu leo. La sivyo, naichukua hii."

Mwanahawa hakuacha kushona. Alikuwa na wadai watano, na huyu alikuwa mmoja wao. Mwezi uliopita wote walikaa kwa mjumbe wa mtaa wakakubaliana: kila mwisho wa mwezi fundi apeleke fungu kwa mjumbe, mjumbe awagawie sawa, na asiwepo wa kulipwa pembeni. Shekuwe mwenyewe alitia dole gumba.

"Cherehani ikiondoka, hata hilo fungu halitakuwepo," alisema Mwanahawa. "Subiri tarehe thelathini kama wenzako."

Shekuwe akaguna. Alipotia mkono mfukoni kutafuta leso, vidole vikachungulia chini ya koti. Mwanahawa akaviona.

"Hebu livue, Bwana Shekuwe."

Haikuchukua dakika tano, mfuko ukawa mzima.

"Elfu moja," alisema Mwanahawa.

"Si uikate kwenye deni langu?"

"Huko ndiko kulipwa pembeni. Wenzako wanne watasemaje?"

Shekuwe akajipapasa suruali, mbele na nyuma. "Basi nitaleta kesho."

"Haya, hakuna neno."

Mwanahawa akachukua chaki ya kuchorea nguo, akaandika mlangoni, chini ya majina ya wateja wengine: Shekuwe, elfu moja.

Bwana Shekuwe alisimama akiusoma mlango, mkono mmoja umeshaingia kwenye koti, wa pili bado uko nje.