Maana ya Kubabaisha

Hakimu alimuuliza Mwanatumu, "Unasema mumeo alikubabaisha. Alikupiga?"

"Hapana, mheshimiwa. Hajawahi kunigusa."

"Sasa kubabaisha ni kufanya nini?"

"Ni kumfanya mtu ababaike, maneno yamkwame mdomoni. Naacha kisu jikoni, nakikuta juu ya mto wangu. Nikimuuliza, ananiambia kwa upole kwamba nimekiweka mwenyewe. Mpaka nikaanza kumwamini."

Nyuma yake mumewe, Shebe, akakohoa kidogo tu. Mwanatumu akashika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili. Alitaka kueleza yaliyotokea asubuhi ya siku hiyo, lakini midomo ilitetemeka na sauti haikutoka.

Hakimu aliacha kuandika. Taratibu akainua macho, akamtazama mwanamume aliyekuwa akitabasamu kule nyuma.