Kikombe cha Mwisho cha Bi Tunu

Shada la asumini lilikuwa tayari shingoni mwa Bi Tunu, na katika chumba cha pili wenzake walikuwa wakisubiri kumuaga kwa kustaafu kwake, lakini kikombe chake cha mwisho kilikuwa bado ndani ya chungu.

Nyuma ya kioo kinene kama ukuta, chumvi iliyoyeyuka ndani ya chungu hicho iliwaka nyekundu kama kaa la moto. Kwenye kikombe kilichozama humo, metali iliyoyeyuka ilikuwa ikivuta madini mazito ya mabaki ya nyuklia, kila moja kwa kiwango chake cha umeme. Ukizidisha umeme kidogo tu, yasiyotakiwa nayo hujiingiza.

Wenzake wakapiga makofi kutoka mlangoni. Bi Tunu akageuka kuwatabasamia, kiwiko kikagusa swichi ya umeme. Alipotazama tena, mshale wa mita ulikuwa umepita mstari. Akaurudisha upesi.

"Nibandike karatasi ya 'safi'?" akauliza Shekue akiingia, ambaye kesho angekalia kiti chake.

Hakuna aliyeona. Kwa miaka ishirini na sita hakuwa amewahi kurudia kikombe.

"Usibandike. Nimekichafua."

Akageuza mkondo wa umeme, ili yote yaliyoingia yarudi kwenye chumvi na kazi ianze upya.

"Lakini mama, hiyo ni mpaka kesho!"

"Basi waambie wanywe chai."

Akavua shada, akalitundika kwenye mpini wa kuendeshea mkono wa chuma. Upande wa pili wa kioo, mkono ule, ukifuata mpini, ukainama taratibu juu ya chungu, kana kwamba ndio uliovishwa maua.