Komeo la Mlango wa Nyuma

"Andika 'nadra' kama mwaka juzi, mama, tufunge jalada," alisema kanali. Magari mapya ya deraya yalisubiri saini yangu, mimi mhandisi wa usalama.

Komeo la mlango wa nyuma lilikuwa lilelile. Mwaka juzi niliandika mwenyewe kwamba kukwama kwake kwenye moto ni nadra, nikatia saini.

Nikaomba kwanza nilione gari moja la mwaka juzi lililoungua na askari ndani, likarudishwa karakana.

"Yaliyopita si ndwele," alinung'unika, lakini akanipeleka.

Niliingia peke yangu, nikauvuta mlango ukajifunga nyuma yangu. Masizi kuzunguka komeo yalikuwa yamekwanguliwa kwa kucha, mistari minne minne, hadi chuma. Niliweka vidole vyangu juu yake. Vilitoshea.

"Umeshaona, mama?" kanali aliita kutoka nje.

 Nilikuwa nimeshika komeo, halifunguki.